Sigara ya kielektroniki: kifaa kilichofunguliwa na mafundi, kisha kikafungwa na viwanda

#1 – Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salamu.

Katika mijadala yetu kuhusu sigara za kielektroniki, swali linalorudi kila mara ni kama zina madhara au hazina. Ni swali la msingi, lakini huulizwa kana kwamba kifaa kinachozungumzwa ni kimoja, na sivyo. Kifaa kilichouzwa China mwaka 2004, kile kilichoundwa na mafundi wa mitaani wa Uingereza na Marekani miaka michache baadaye, kile kilichojaa mifukoni mwa wanafunzi wa Marekani mwaka 2018, na hiki cha leo chenye rangi za peremende, ni vitu vinne vinavyotofautiana kwa nguvu ya umeme, kwa kiwango cha nikotini na kwa mtu anayelengwa.

Mimi ni fundi wa vifaa vidogo vya elektroniki, na nimevifungua vya kila kizazi. Ninachotaka kuonyesha katika uzi huu ni kwamba mabadiliko ya umbo hayakuwa mapambo. Kifaa kilianza kikiwa kinafunguka kidogo, kikafikia wakati ambapo mtumiaji alikimiliki kwa kila skrubu, kisha kikafungwa hatua kwa hatua mpaka mtumiaji akabaki hana analoweza kubadilisha: si betri, si koili (waya unaopashwa joto), si kimiminika, si kipimo cha nikotini anachovuta. Aliyekifunga ndiye anayeamua sasa, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo tunalopaswa kulitazama kabla ya kubishana juu ya ladha na rangi.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1930 Joseph Robinson alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, nchini Marekani ya kifaa cha umeme cha kuvukiza dawa ili mtu aivute, lakini hakikuingia sokoni. Mwaka 1963 Herbert Gilbert, mkazi wa Beaver Falls katika jimbo la Pennsylvania, aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku, akaipata mwaka 1965. Wazo lake lilikuwa kupasha joto hewa yenye unyevu na ladha kwa kutumia betri, na nikotini haikuwemo kabisa. Hakupata kampuni ya kukizalisha. Mtu anaweza kusema makampuni ya tumbaku hayakuwa na haja ya mshindani, na huenda ni kweli, lakini fundi yeyote ataona pia kikwazo cha pili: betri za wakati ule. Kupasha joto waya kila baada ya sekunde chache kunahitaji mkondo mkubwa kutoka katika chombo chembamba kama kidole, na betri zilizokuwepo zisingeweza kazi hiyo kwa muda wa maana. Betri ya lithiamu ya kuchajiwa iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na bila hiyo tusingekuwa na mada hii.

Aliyefaulu alikuwa Hon Lik, mfamasia wa Shenyang, kaskazini mashariki mwa China, ambaye alikuwa mvutaji mkubwa na baba yake aliugua saratani ya mapafu. Hataza yake ya mwaka 2003 haikutumia waya wa moto kama tulivyozoea. Ilitumia kipande kinachotetemeka kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, ili kuvunja kimiminika chenye nikotini kuwa matone madogo yanayofanana na ukungu. Bidhaa ilianza kuuzwa China mwaka 2004 kwa jina la Ruyan, na ndani ya miaka miwili hivi ikavuka mipaka. Mtetemo huo haukudumu sana. Nafasi yake ilichukuliwa na koili, yaani waya wa aloi ya nikeli na kromiamu uliozungushwa juu ya utambi. Koili ilikuwa rahisi kutengeneza na ilitoa mvuke mwingi zaidi, na mpaka leo ndiyo moyo wa vifaa hivi vyote.

Kizazi hicho cha kwanza kilikuwa na vipande vitatu vilivyofungwa kwa hesi, yaani mikato ya kuzungusha kama ya skrubu: betri, kivukizi, na katriji iliyojazwa sponji lililolowa kimiminika. Umbo lilikuwa la sigara kabisa, jeupe, lenye kishungi cha rangi ya kahawia, na kwenye ncha palikuwa na taa ndogo ya LED iliyowaka mtumiaji alipovuta, ili ifanane na kaa la tumbaku. Hakukuwa na kitufe. Kihisi cha mkondo wa hewa, ambacho kwa ujenzi wake ni ndugu wa maikrofoni ndogo ya simu, kilitambua mvuto na kuunganisha sakiti ili umeme upite.

Kwa mtu aliyevuta sigara kwa miaka 20 na aliyetaka kitu cha kushika kati ya vidole, lilikuwa wazo lenye heshima kwake. Kwa utendaji, kilikuwa kifaa dhaifu. Sponji liliachia kimiminika bila mpangilio, koili ikakauka na kuunguza, na kimiminika kilichovuja kiliingia katika kihisi na kuua betri. Watu wengi walinunua, wakajaribu, wakarudi kwenye pakiti zao.

Nitaendelea. Karibuni kwa maswali.

#2 – Mchangiaji kutoka Mwanza

Mkuu, ahsante kwa uzi. Swali langu: kama lengo lilikuwa kumsaidia mvutaji aachane na sigara, kwa nini waliacha umbo la sigara? Mimi nilidhani kufanana ndiko kulikomvutia mtu.

#3 – Mwanzisha uzi

Mkuu, kufanana kulimvutia mtu siku ya kwanza, lakini kulimnyima nguvu siku zilizofuata. Tupige hesabu. Koili za wakati ule zilikuwa na ukinzani (kiasi ambacho waya huzuia umeme kupita) wa karibu omu 3, na betri ya lithiamu hutoa wastani wa volti 3.7. Ukizidisha volti kwa volti na kugawanya kwa ukinzani, unapata kama wati 4.6. Hiyo ni nguvu ndogo sana ya kuvukiza gliserini na propilini glikoli, vimiminika viwili ambavyo nikotini huchanganywa navyo. Ukitaka wati zaidi au saa nyingi zaidi, unahitaji seli kubwa, yaani betri yenyewe ya ndani, na seli kubwa haiingii katika mrija wenye unene wa sigara. Betri ndiyo iliyovunja umbo.

Ushindi wa kwanza juu ya sponji ulikuwa kuunganisha katriji na kivukizi kuwa kipande kimoja cha kutupa. Mtumiaji aliyekuwa akisumbuka na vipande vitatu akabaki na viwili. Kisha, mnamo 2009 na 2010, kampuni ya Joyetech ya Shenzhen ikatoa eGo, kifaa chenye unene wa kalamu nene, betri za milliampea-saa 650 na kuendelea, na kitufe cha kubonyeza badala ya kihisi. Kitufe hicho ninakihesabu kuwa badiliko kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mtumiaji aliamua mwenyewe lini koili iwake na kwa muda gani. Tangi la plastiki angavu likafuata, na mtu akaweza kuona kimiminika kilichobaki na kukijaza kwa chupa aliyoichagua, yenye kiwango cha nikotini alichokichagua.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoacha urithi mwingine usioonekana. Hesi ya kifaa chake kilichoitwa 510 ikawa kipimo cha kawaida cha dunia nzima bila chombo chochote cha viwango kuamuru hivyo. Tangi la kiwanda kimoja likafunga juu ya betri ya kiwanda kingine. Hesi hiyo ikaendelea mpaka kwenye katriji za mafuta ya bangi nchini Marekani, zile ambazo mwaka 2019 zilihusishwa na ugonjwa mkali wa mapafu. Hadi Februari 2020 Marekani ilikuwa imehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa, na vifo 68, na uchunguzi uliinyooshea kidole zaidi vitamini E asetati iliyochanganywa katika mafuta hayo. Ninalitaja kwa sababu watu huliweka jambo hilo juu ya sigara zote za kielektroniki, ilhali kilichokuwa cha pamoja hasa ni betri na hesi.

#4 – Mwanzisha uzi (mwendelezo)

Sasa tunafika kwenye kipindi ninachokipenda kama fundi na ninachokiogopa kama fundi.

Mwaka 2008 nchini Uingereza, Ted na Matt Rogers walichukua mwili wa tochi, wakaweka ndani yake betri kubwa, wakafunga kivukizi juu. Wazo hilo likaenea. Watu walianza kuchonga mirija ya shaba na chuma, wakatumia seli za 18650, yaani zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zilezile zilizokuwa katika betri za kompyuta za mkononi. Kilichokuwa bidhaa kikawa fani. Mtu alijinunulia waya kwa mita, akaupima, akauzungusha mwenyewe, akapitisha pamba katikati yake, na akajua ukinzani wake kwa omu kabla ya kuuwasha.

Viwanda vilijifunza kutoka kwao. Vikaja visanduku vyenye sakiti inayorekebisha wati, na hapa kampuni ya Evolv ya Ohio iliweka alama kwa chipu zake. Mwaka 2014 ilitoa chipu iliyoweza kudhibiti joto la koili bila kipimajoto chochote. Siri yake ni nzuri mno kuielezea haraka. Waya wa nikeli huongeza ukinzani kadiri unavyopata joto, takriban asilimia 0.6 kwa kila nyuzi moja. Chipu inapima ukinzani ukiwa baridi, kisha inaupima tena mara nyingi kwa sekunde wakati wa kuvuta, na kutokana na tofauti hiyo inajua joto ni nyuzi ngapi. Pamba ikikauka, joto hupanda ghafla, ukinzani hupanda nalo, na chipu inakata umeme kabla pamba haijaungua. Pamba na kimiminika vinapoungua ndipo kemikali kali kama fomaldehidi zinapoongezeka, kwa hiyo ulinzi huo ulikuwa wa afya na si wa starehe peke yake. Ninaamini ndiyo hatua bora kabisa ya kihandisi katika historia nzima ya kifaa hiki, na inasikitisha kwamba soko liliipita upande wake.

Upande wa hatari ni huu. Wapo waliotumia mirija isiyo na sakiti yoyote, ambapo kitufe kinaunganisha betri na koili moja kwa moja. Ukiweka koili ya omu 0.2 juu ya seli iliyojaa, yenye volti 4.2, mkondo unafika ampea 21 na nguvu wati 88. Seli nyingi nzuri za 18650 za miaka ile zilikuwa na kikomo cha ampea 20 hadi 25. Seli za bei nafuu zilikuwa chini ya hapo sana, hata kama lebo zake zilisema vingine. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilihesabu matukio 195 ya moto na milipuko kati ya 2009 na 2016. Umbo lenyewe lilichangia: mrija wa chuma uliofungwa pande zote mbili hauna pa kupumulia gesi ya betri inayopasuka, na ncha moja iko mdomoni mwa mtu.

Kwa hiyo sidai kwamba zama za kufunguka zilikuwa salama. Nasema tu kwamba mtumiaji wake alijua anachokifanya, au aliweza kujua akitaka. Na kuna jambo lingine la kukumbuka: watu hawa wa wati nyingi walitumia nikotini kidogo, mara nyingi miligramu 3 au 6 kwa mililita, kwa sababu wingi wa mvuke ulitosha. Kipimo chao kilitoka kwenye umeme.

#5 – Mwalimu kutoka Nairobi

Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili. Vifaa mnavyovieleza ni vikubwa na vina mvuke mwingi, lakini tunavyovipata mabwenini ni vidogo, vinafanana na flashi ya kompyuta au kalamu ya kuwekea alama, na mvuke wake hauonekani sana. Vilitoka wapi?

#6 – Mwanzisha uzi

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa swali linaloingia katikati ya mada.

Vilitoka katika chuo kikuu cha Stanford. Adam Bowen na James Monsees walisoma hapo usanifu wa bidhaa, na mradi wao wa kuhitimu mwaka 2005 ulihusu njia nyingine ya kuvuta tumbaku. Wakaanzisha kampuni mwaka 2007, na baada ya majaribio mengine wakatoa JUUL mwaka 2015. Kwa nje ilikuwa bamba jembamba la rangi ya kijivu, lisilo na kitufe wala kioo, linalochajiwa kwa kichajio kidogo kinachochomekwa kwenye USB ya kompyuta. Juu yake inachomekwa podi, yaani kikopo kidogo cha kimiminika, ya mililita 0.7 iliyofungwa kiwandani.

Watu wengi hueleza mafanikio yake kwa umbo hilo. Umbo lilisaidia, ila halikuwezekana bila kemia. Nikotini ya kawaida katika vimiminika vya zamani ina ualkali, na ikizidi miligramu 20 hivi kwa mililita huwasha koo kiasi kwamba mtu anakohoa na kuacha. Ukiichanganya na asidi ya benzoiki, inakuwa chumvi ya nikotini, ualkali unapungua, na koo halilalamiki. JUUL ya Marekani ilikuwa na asilimia 5 ya nikotini kwa uzito, ambayo ni kama miligramu 59 kwa mililita, karibu mara 10 hadi 20 ya ile ya mtu wa visanduku. Kampuni yenyewe ililinganisha nikotini ya podi moja na ya pakiti moja ya sigara.

Kimiminika kikiwa na nguvu kiasi hicho, mvuto mdogo unatosha. Mvuto mdogo unahitaji wati chache, wati chache zinahitaji betri ndogo, na betri ndogo inaingia katika kitu kinachofichika ndani ya kiganja. Mvuke mchache nao hupotea hewani kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni. Yote hayo yanatoka katika asidi moja. Kikohozi, ambacho kwa mtoto asiyewahi kuvuta kilikuwa ukuta wa kwanza wa kinga, kiliondolewa kwa kemia iliyopangwa vizuri, na ukuta huo haukuwekewa mbadala.

Hapo pia ndipo kufungwa kulipoanza kwa kweli. Podi haikukusudiwa kujazwa. Kiwango cha nikotini kiliamuliwa na kiwanda, na mtu aliyetaka kushuka polepole kutoka miligramu 18 hadi 12, kisha 6, kisha 3, kama wavutaji wengi walivyofanya kwa chupa zao, hakuwa na ngazi ya kushukia. Desemba 2018 Altria, kampuni mama ya Philip Morris nchini Marekani, ilinunua asilimia 35 ya JUUL kwa dola bilioni 12.8. Mwaka uliofuata utafiti wa kitaifa wa vijana ulionyesha asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu Marekani walikuwa wametumia sigara ya kielektroniki ndani ya siku 30. Kiwango hicho kimeshuka sana tangu hapo, hadi asilimia 7.8 mwaka 2024, lakini muundo wa nikotini ya chumvi umebaki, na sasa upo karibu katika kila kifaa kidogo unachokikuta bwenini.

#7 – Mchangiaji kutoka Arusha

Ndugu, nakusoma kwa makini lakini naona unavionea vifaa hivi. Nimevuta sigara tangu ujana, nilijaribu gundi za nikotini zikanishinda, na kilichonitoa ni vepu ya kujaza. Madaktari wa Uingereza wenyewe wanazipendekeza kwa wavutaji. Ukiandika hivi, kuna mtu atarudi kwenye sigara.

#8 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, kwanza hongera, na nasema kwa moyo wote. Tumbaku inayoungua inaua, na sina neno la kupinga ulichofanya. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yanasema kwa uhakika wa juu kwamba sigara za kielektroniki zenye nikotini huwasaidia watu wengi zaidi kuacha kuliko plasta na gundi za nikotini.

Lakini tazama ni kifaa gani kilichotoa ushahidi huo. Jaribio maarufu la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019 lilikuwa na washiriki 886. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliopewa sigara ya kielektroniki walikuwa wameacha kuvuta, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa dawa za kawaida za nikotini. Walichopewa ni kifaa cha kujaza, pamoja na chupa moja ya kimiminika cha miligramu 18, na wakaelekezwa wajinunulie wenyewe baadaye ladha na kiwango kinachowafaa. Walipata pia ushauri wa ana kwa ana kwa wiki kadhaa. Ni kifaa chako, ndugu. Ni mtu mzima, mvutaji, mwenye tangi linalofunguka na mamlaka juu ya kipimo chake.

Ushahidi huo sasa hutajwa kutetea kifaa kingine kabisa, kilichofungwa, chenye nikotini ya chumvi na ladha ya embe lenye barafu, kinachouzwa kando ya peremende kwa mtu asiyewahi kushika sigara. Ninachopinga ni huko kuhamisha sifa za kifaa kimoja kwenda kwa kingine. Mtu akikuuliza kilichokusaidia, tafadhali mweleze hadi aina ya tangi, kwa sababu dukani ataonyeshwa kitu tofauti.

#9 – Mwanzisha uzi (mwendelezo)

Kizazi cha mwisho, kile cha kutupa, kilizaliwa na betri za bei nafuu na kikalelewa na sheria. Januari 2020 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kuziondoa sokoni podi zote za ladha isipokuwa tumbaku na mentholi. Agizo hilo lilihusu vifaa vya podi. Vifaa vya kutupa vikaachwa nje, na karibu mara moja Puff Bar na wenzake wakachukua nafasi: umbo lilelile, ladha zilezile, ila podi imegandishwa kwenye betri na haitoki. Puff Bar walipobanwa, mwaka 2021 walirudi wakisema nikotini yao imetengenezwa maabara na haitokani na tumbaku, na kwa hiyo sheria ya tumbaku haiwagusi. Bunge la Marekani liliziba mwanya huo Machi 2022.

Ulaya ilikuwa na njia yake. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2014, ulioanza kutumika Mei 2016, uliweka kikomo cha mililita 2 kwa tangi, mililita 10 kwa chupa ya kujazia na miligramu 20 za nikotini kwa mililita. Elf Bar, bidhaa ya Shenzhen iliyoivamia Uingereza kuanzia 2021, ilijengwa ndani ya vikomo hivyo kana kwamba vilikuwa mchoro wake: mililita 2, miligramu 20, mivuto 600 iliyoandikwa kwenye pakiti. China yenyewe ilizuia ladha zote isipokuwa ya tumbaku kwa raia wake kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022, huku viwanda vikiruhusiwa kuendelea kuziuza nje.

Ukikipasua kifaa hicho unakuta vitu vichache: pamba iliyolowa, koili, kihisi kilekile cha mkondo wa hewa cha kizazi cha kwanza, na seli ya lithiamu. Tumerudi kwenye sponji la 2004, safari hii likiwa limefungwa ndani. Kinachoniuma zaidi ni ile seli. Ni seli ya kuchajiwa. Haikuwekewa tundu la chaji, basi. Watafiti wa University College London na Oxford walizitoa seli kutoka vifaa vya kutupa, wakazichaji, na mwaka 2023 wakachapisha kwamba zinaweza kuchajiwa zaidi ya mara 450. Shirika la Material Focus la Uingereza, linalohamasisha urejelezaji wa vifaa vya umeme, lilikadiria kwamba Uingereza ilikuwa ikitupa vifaa milioni 1.3 kwa wiki mwaka 2022, na karibu milioni 5 kwa wiki mwaka 2023. Lithiamu na kobalti huchimbwa kwa jasho la watu. Kobalti nyingi ya dunia inatoka Kongo, kwa wazungumzaji wenzetu wa Kiswahili wa Katanga. Kuichimba huko, kuisafirisha Shenzhen, na kuitumia mara moja kuvukiza mililita 2 za sharubati yenye nikotini ni uharibifu ambao sioni namna ya kuutetea.

#10 – Mchangiaji kutoka Kampala

Huku kwetu sheria ya udhibiti wa tumbaku ya 2015 ilipiga marufuku kuingiza na kuuza vifaa hivi vyote, lakini bado vinaonekana. Je, marufuku ya Uingereza ya vifaa vya kutupa imesaidia? Na nikikuta kimetupwa, nifanye nini na betri yake?

#11 – Mwanzisha uzi

Marufuku ya Uingereza ilianza tarehe 1 Juni 2025, baada ya Ubelgiji na Ufaransa mapema mwaka huohuo. Viwanda vilikuwa tayari. Kifaa kilekile, chenye rangi zilezile na bei inayokaribiana, kiliwekewa tundu la USB chini na podi inayochomoka juu, na kwa maneno ya sheria kikawa si cha kutupa tena. Kama mtu atanunua podi mpya au atatupa chote na kununua kingine, hilo limeachwa kwa mazoea na bei.

Kikomo cha mililita 2 nacho kilijibiwa kwa usanifu. Vipo vifaa vyenye podi nne za mililita 2 zilizopangwa kwa mduara, unazungusha moja ikiisha. Vipo vingine vinavyounganisha tangi la mililita 2 na kikontena cha kujazia cha mililita 10, vikomo viwili halali vilivyowekwa katika mwili mmoja, na kifaa kinabeba mililita 12 bila kuvunja sheria. Marekani, ambako kikomo hicho hakipo, kuna vifaa vya mililita 16 vyenye kioo cha kuonyesha betri na picha zinazosogea.

Kwa sababu hiyo sipendi sheria inayotaja umbo. Kenya ilianza kutoza ushuru kwa kila kifaa na kila katriji, kisha Sheria ya Fedha ya 2022 ikaongeza ushuru kwa kila mililita ya kimiminika chenye nikotini. Mililita haijali kama imo ndani ya podi, tangi au chupa. Ningependa kuona nchi zetu zikipima hivyo pia katika udhibiti: miligramu za nikotini kwa kifaa kizima, wati za juu kabisa, na kama betri inaweza kutolewa kwa mkono bila kukivunja. Kiwanda kikibadilisha umbo, vipimo hivyo vitatu vitabaki vinakikamata. Kwenu Uganda, ambako vyote vimekatazwa, vipimo hivyo havina kazi na kinachobaki ni usimamizi wa mipaka. Huko mimi sina ufundi wa kuchangia.

Kuhusu betri, mkuu, usiitoboe, usiibane kwa koleo na usiitupe kwenye takataka zinazochomwa. Seli ndogo ya lithiamu ikipasuka hutoa moto na gesi yenye sumu. Usijaribu pia kukifungua kifaa kama huna uzoefu, kwa sababu kimiminika kilichobaki kina nikotini inayopenya ngozi, na kiasi kidogo kinaweza kumdhuru mtoto mchanga. Funika tundu la kuvutia na tundu la chaji kwa utepe wa plastiki, kiweke mahali pakavu mbali na watoto, na ukipeleke kwa fundi au mkusanyaji anayepokea betri za simu. Fundi aliyezoea ataitoa seli, ataipima volti, na ikiwa juu ya volti 3 bila kuvimba, inaweza kuwashia taa ndogo ya LED kwa miaka, mradi aiwekee sakiti ya ulinzi na moduli ya chaji. Iliyovimba au iliyoshuka chini ya volti 2 isichajiwe tena.